Vyumba Ambavyo Havikuwa Kwenye Karatasi

Nyumba yetu ya Nyabiondo ilikuwa ya mbao, na karatasi yake ya serikali ilisema vyumba viwili. Jiko na chumba cha mama mkwe tuliviongeza wenyewe, bila kuomba ruhusa kwa mtu. Nani anaomba ruhusa ya kumpa mzazi mahali pa kulala?

Tulipotaka kuhamia Bihambwe, mfanyabiashara mmoja wa Butembo alikuja kununua. Aliizunguka nyumba, karatasi mkononi.

“Mama, hii jiko na hii chumba ya nyuma haiko mu karatasi. Itabakia hapa, lakini sitailipa.”

Damu ilinichemka. Jiko lile lililisha watoto wangu wote. Mume wangu akakubali taratibu, “Njo vile, Papa. Nunua tu ile iko mu karatasi.”

Kesho yake mume wangu alikuja na nyundo na ndugu zake. Waling'oa misumari, wakashusha mabati, wakapakia mbao zote za jiko na za chumba kile cha nyuma kwenye gari. Mnunuzi aliangalia tu, karatasi mkononi.

Leo napika Bihambwe katika jiko lile lile, mbao zake bado nyeusi kwa moshi wa Nyabiondo. Mama mkwe analala chumbani kwake. Na hapa pia hatukuomba ruhusa.