Githeri ya Kupimia Presha

Fundi wa tinga pale Kawangware hana imani na geji. Presha ya oili anaipima kwa githeri, yale mahindi na maharagwe yake ya mchana. Akishakaza paipu za oili, hunusa vidole vyake vyeusi, huguna, kisha huweka sufuria yake ya chakula ndani ya ndoo ya tinga, ile ya mbele ya kuchotea mchanga, na kuiinua juu kabisa. Ndoo ikianza kushuka yenyewe kabla ya saa saba, basi oili bado inavuja. Juzi, tinga dogo kuukuu la Mama Tracy lilifika saa saba ndoo iko palepale. Fundi akajipigia makofi, akavuta levaa ya kushusha. Wapi! Akavuta tena, akaibembeleza, mwishowe akaitisha ngazi.

"Sasa fundi, imepona ama haijapona?" Mama Tracy akauliza.

"Imepona kabisa, mathe," akajibu kutoka ndani ya ndoo, akitafuna. "Imebaki kushuka tu."