Samaki wa Ushindi wa Mama Angélique

Msiniambie basketi ni mchezo tu. Anayesema hivyo hakuwepo hapa Kenya, mtaa wetu, si ile nchi, Jumapili ile, timu yetu ilipofungwa na Kasungami. Kasungami! Watu ambao msimu mzima hawajashinda hata mara moja, wanaofanyia mazoezi kwenye udongo, kando ya mahindi!

Niliyemwonea uchungu zaidi ni jirani yangu, Mama Angélique. Marehemu mume wake, Papa Donat, ndiye aliyeianzisha timu hii, akaifundisha mpaka akafa bila kuiona ikiingia fainali. Sote tulijua: tukiwapiga Kasungami, tumeingia. Mama hakutaka kingine. Tangu enzi za mumewe, timu ikishinda, wachezaji huja kwake kula bukari, ugali wetu, na samaki wakavu wa Pweto. Wakishindwa, kila mtu akale kwao.

Safari hii Merdi, nahodha, mwanawe wa kumzaa, alimwambia asubuhi, "Mama, pika tu. Bale ba Kasungami tutabamaliza mbiyo." Mama akasita, maana hajawahi kuwasha moto kabla ya filimbi ya mwisho. Lakini mtoto akishikilia, utafanyaje? Akaloweka samaki, akawasha makaa.

Basi ungeona huo upuuzi! Désiré, mfungaji wetu mkubwa, anafika mechi imeshaanza, miwani ya jua usoni. Merdi anapitisha mpira nyuma ya mgongo ili wasichana wapige vigelegele. Kasungami, maskini, wengine viatu vimeshonwa kwa uzi, walikuwa wanakimbia tu. Wanakwenda, wanarudi, wanakwenda tena. Wetu walipogutuka, pumzi zimekwisha na filimbi imelia. Wametushinda kwa kikapu kimoja tu! Tulipiga kelele mpaka makoo yakakauka. "Bavivu! Mutoe ile jezi!" Mimi nilirusha kiatu, na sijutii. Mama Angélique je? Alikaa na kitambaa mdomoni, analia.

Sasa sikia ufidhuli. Tunafika nyumbani, tunawakuta wachezaji wamejaa uani, ndani ya lupango lake, wamekaa kwenye viti vilevile vya ushindi, wanasubiri sahani! Eti Désiré anauliza kama pilipili iko.

"Mama, chakula iko tayari," Merdi akasema bila kuinua macho. "Itaharibika bure."

Mama akafunika sufuria ya samaki, akamkazia macho. "Kamata beseni ya bukari," akamwambia. "Na jagi ya maji."

Halafu akanigeukia mimi. "Mama Kiki, shika huku."

Tukaibeba sufuria, tukatoka nayo hadi barabarani. Wachezaji wakatufuata, hawaelewi kitu. Kasungami walikuwa kwenye kona wanangojea gari la kuwarudisha kwao, wanagawana biskuti. Mama akaitua sufuria mbele yao.

"Batoto yangu, mukule. Hii chakula iko ya bale balishinda."

Kocha wao alidhani anataniwa. Alimtazama Mama, akatutazama sisi, hakuna aliyecheka. Ndipo Mama akamwambia mwanawe, "Mimina maji."

Merdi, nahodha mzima, akainama akawanawisha mikono wale waliomfunga, mmoja baada ya mwingine, barabara nzima ikimwangalia. Sikumwonea huruma hata kidogo. Aliyejipikia ushindi kabla ya kucheza aone sasa unavyoliwa.

Wale vijana walikula, jamani! Walikula mpaka wakaramba vidole, wakamshukuru Mama kwa mikono miwili. Désiré, miwani mfukoni, akasogea akanong'ona, "Mama, na sisi?"

Mama alikuwa ameinama, anakusanya miiba ya samaki. Hakugeuka.

"Donat alingoja mpaka akakufa," akasema. "Weye utashindwa kungoja mwaka moja?"