Kirusi Kilichoingia na Mimi

Nichekeni mara moja tu, halafu tuyaache.

Nilikuwa kwenye majaribio ya kazi katika kampuni ya pamba hapa Mwanza. Kwa hofu ya kuachwa, niliandika programu ya kunasa virusi vya kompyuta. Ndani yake niliweka orodha ya alama za virusi. Faili lolote lenye alama hizo ni gonjwa. Nikainakili kwenye kompyuta zote nne. Zote zikaonekana ngonjwa! Nikaongeza alama, virusi navyo vikaongezeka. Nikadhani vinatoka tawi letu la Magu, nikakataza disketi zote za huko, na kwa siku mbili makarani wakarudia taipureta.

Siku ya tatu ikaletwa kompyuta mpya. Nikaiwekea programu yangu mbele ya meneja. Kirusi!

“Irudishwe ilikotoka!” meneja akafoka.

“Subiri, bosi,” akasema Mama Koku, mpiga chapa wetu. “Mwanangu, kirusi chenyewe kiko faili gani?”

Mimi nilikuwa sijawahi kusoma zaidi ya neno “kirusi”. Nikainamia kioo.

“Linaitwa Deo, mama.”

“Deo si wewe?”

“Ndiyo programu yangu, niliipa jina langu. Ile orodha ya alama… imo humohumo.”

Meneja akavua miwani. “Kwa hiyo siku zote hizi ulikuwa unajikamata mwenyewe?”