Nilivyokaza Utepe

Nasomea lishe chuo kikuu, mwaka wa tatu. Mwezi uliopita nilipelekwa kujifunza kazi katika zahanati moja karibu na Keumbu. Siku ya kwanza nilivaa koti jeupe nikajiona daktari kamili.

Mama mmoja, Kwamboka, aliniletea mtoto wake wa mwaka mmoja. Nilimzungushia mkononi ule utepe wa rangi wa kupimia utapiamlo, nikauvuta kwa nguvu. Ukaonyesha nyekundu.

"Mama, mtoto huyu ana utapiamlo mkali!" nilitangaza, na benchi zima la akina mama likageuka. "Kwani unamlisha nini?"

"Ndizi, mayai, maziwa, hata mboga ya chinsaga," alijibu kwa sauti ya chini.

Sikumwamini. Nilimhubiria kuhusu protini mpaka akaanza kulia, akamfunika mtoto kwa leso majirani wasimwone. Nami, Mungu anisamehe, nikadhani somo limemwingia.

Sista Moraa, muuguzi mkuu, alisikia kilio akaja. Aliukuta mkono wa mtoto una alama ya utepe. Akapima upya, taratibu, bila kukaza. Kijani.

"Ulikuwa unapima mtoto ama unafunga kuni?" aliniuliza mbele ya wote.

Nilipiga magoti nikamwomba Kwamboka msamaha, machozi yakinilengalenga. Aliifunua leso na kuninyooshea ule mkono mdogo.

"Pima tena, mwanangu," alisema. "Na ukimaliza, tangaza kwa sauti ileile."