Kahawa Iliyonyeshewa Msibani

Kokuhirwa, mke wa Ta Byabato, alikuwa na presha ya macho. Daktari wa Bukoba alisema waziwazi: apasuliwe kabla ya mwaka kuisha, la sivyo atapofuka. Ta Byabato hakuwa na ng'ombe wala mtoto mjini. Alikuwa na kahawa ya maganda, karibu ikauke, chanjani nyuma ya nyumba. Chama cha msingi cha wakulima kilikuwa kikiwauzia wanunuzi wa ng'ambo wa biashara ya haki, wanaomlipa mkulima vizuri, na bei yao ingetosha upasuaji. Ya mlanguzi isingetosha.

Ndipo jirani yao, mzee Mutalemwa, akafariki.

Kwetu, maiti ikiwa ndani, hakuna anayegusa kazi ya shamba. Mume na mke wakaenda msibani, yeye nje na wanaume, mkewe ndani na wanawake. Mchana wingu likatanda upande wa ziwa. Ta Byabato akainuka.

"Wapi tena, Ta?" akauliza Kaijage, mwenyekiti wa chama.

"Nafunika kahawa mara moja, narudi."

"Ehe! Kahawa ya mwenzetu inaogopa mafua!" Wanaume wakacheka chini chini. "Mutalemwa hajazikwa, wewe unawaza magunia? Siku yako tukapalilie migomba?"

Akakaa. Mvua ikanyesha mpaka jioni.

Baada ya maziko aliianika upya, akaipeleka ghalani kwa chama. Kaijage akachota kiganjani, akanusa, akairudisha.

"Ina ukungu, Ta. Masharti unayajua. Nikiipokea hii, mzigo wa kijiji kizima unakataliwa."

"Wewe ndiye uliyenikalisha."

"Kwani nilikufunga kamba?"

Kuhusu ukungu, Kaijage alisema kweli, na wanunuzi siwalaumu. Nawalaumu wanaume wale waliokaa mikono mitupu, wakijua macho ya mwanamke yanategemea chanja ile, wakadhani kumcheka mumewe ni kumheshimu marehemu. Hata mmoja hakusema, "Nenda, tutakulindia nafasi."

Mlanguzi akaichukua kahawa kwa bei aliyotaka. Mwaka ukaisha.

Msimu uliofuata kahawa ya Ta Byabato ilipokelewa yote, kwa bei nzuri. Kaijage akamkabidhi malipo akitabasamu.

"Haya, Ta. Sasa mpeleke mama Bukoba."

"Akafanye nini?" akauliza Ta Byabato.