Barua kwa Mzee wa Programu

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilimfundisha mwanafunzi mmoja wa mtaa wa Gatina kufanya kazi kwenye programu huria, zile ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzirekebisha. Aligundua kosa ndani ya programu moja, akalirekebisha vizuri kabisa. Nikamwambia atume barua pepe kwa kundi zima la mradi.

Wiki mbili baadaye mtu wa ng'ambo alituma marekebisho yaleyale, likaandikwa jina lake kwenye orodha ya waliochangia.

"Barua yako ilienda wapi?" nikamuuliza.

"Nilimwandikia mwenye programu peke yake. Yule ni mzee. Nimwanike mbele ya watu kama nani?"

"Akajibu?"

"Bado. Lakini nilimsalimia vizuri."

Nilitaka kumgombeza, nikashindwa. Miezi mitatu nilimfundisha kompyuta tu, sikumwambia kwamba kule kwenye miradi hiyo hata mzee hukosolewa hadharani.