Kompyuta ya Baba Mkwe na Mchele wa Kunukia

Katika miaka kumi na moja ya ndoa yangu, baba mkwe hajawahi kuniona uso, wala mimi sijawahi kulitamka jina lake. Hatujagombana. Ndiyo heshima ya Wanyakyusa wa zamani: mkaza mwana na baba mkwe hawakutani. Siku hizi wengi hapa Kyela wameiacha, wanakula meza moja na kupiga picha pamoja, lakini mkwe wangu ni mwalimu mstaafu, na mwalimu akishika somo haliachi. Akitokea njiani, mimi nazama migombani. Akiwa sebuleni, mimi niko jikoni. Na majina ndiyo usiseme: lake, la baba yake, la babu yake, yote mwiko kwangu. Mimi mtu wa Tanga, nisiyenyamaza hata nikiwa na homa, nimeipata adabu hii kwa taabu sana.

Riziki yangu ni kibanda mjini, nachapa barua za watu na kutengeneza kompyuta zao. Na Mungu, ambaye naye ana utani wake, akampa baba mkwe kompyuta.

Aliinunua wakati ofisi moja ilipokuwa ikitupa vitu vya zamani. Kioo chake ni cha chogo, chenye kisogo kirefu, kizito kama gunia, na rangi yake iliyokuwa nyeupe sasa ni ya chai ya maziwa. Haina mahali pa kuchomeka flashi. Ndani yake mna kitu kimoja tu cha maana: orodha ya makaburi. Ukoo wao ulikaa Katumba Songwe, kando ya mto Songwe, mpaka masika moja mto huo ulipohama njia yake na kuyachukua makaburi yote, ndipo wakahamia huku Ngonga. Baba mkwe alizunguka kwa wazee akiuliza nani alilala wapi, mtoto wa nani, akachapa yote kwa vidole viwili. Madaftari yake yaliliwa na mchwa. Wazee wale wamekufa karibu wote. Orodha imebaki humo ndani, peke yake.

Basi Jumamosi moja mama mkwe akaja jikoni, nilikokuwa nikichambua mchele. Mume wangu alikuwa safarini Mbeya.

"Mwalimu anasema mashine yake inalia."

"Inaliaje, mama?"

Akaenda, akarudi. "Inalia kama kifaranga aliyepotelewa na mama yake."

Kusema kweli nilikuwa naisikia mwenyewe kupitia ukutani, mlio mmoja mrefu unaorudiwa bila kuchoka, na nilijua ni memori, kile kibao cha kumbukumbu, ndiyo inayolalamika. Lakini njia ni njia: maneno yangu na yake hupita kwa mama mkwe. Nikamtuma aulize kama kuna mtu ameifungua. Jibu likachelewa. Nikasikia kikohozi cha mtu anayetafuta maneno.

"Anasema aliifungua kidogo," akaja kusema mama mkwe. "Kwa sababu ya unyevu."

Tukaanza zamu. Baba mkwe akatoka kwa mlango wa mbele huku akikohoa ili nijue, mimi nikaingia kwa mlango wa nyuma, bisibisi mkononi. Nilipoliondoa kava la boksi nikakaa chini nikacheka kimyakimya mpaka tumbo likauma. Mle ndani mlikuwa na mfuko wa kitambaa, umeshonwa vizuri, na umepasuka. Mchele umetapakaa kila mahali. Punje zimebana feni, na memori yenyewe imechomoka upande mmoja, bila shaka aliposukuma mfuko ule uingie. Alikuwa amesikia kwamba simu iliyolowa huwekwa kwenye mchele.

Tena hakuweka chenga. Mtu wa Kyela hawezi kuitibu mashine yake kwa mchele wa hovyo. Aliweka ule wa kunukia, ule mama mkwe aliouficha kwa ajili ya wageni.

Mama mkwe akachungulia, akautambua mchele wake. Akatazama mlango aliotokea mumewe. "Niliwalaumu panya," akasema.

Sasa, mkaza mwana hawezi kumwambia baba mkwe kwamba ameharibu. Nikatuma ujumbe kwamba ni unyevu, na kwamba mchele ulisaidia ila ulizidi. Mama mkwe akaupeleka huo ujumbe kwa uso mkavu wa mtu aliyeibiwa kilo mbili. Mimi nikapuliza vumbi, nikazitoa punje kwa kibanio cha nyusi, nikasugua meno ya memori kwa kifutio cha penseli na kuirudisha mpaka ikabana. Nikawasha.

Kifaranga akanyamaza. Mashine ikadai tuko mwaka ambao mimi sijazaliwa, maana betri ya saa yake imekufa, nikaikubalia uongo wake ili tuendelee. Lakini nikasikia jambo jingine, na kicheko kikaniisha. Diski ilikuwa inagonga. Tik, kimya, tik. Kila fundi anaujua mlio ule, wa diski inayokata roho na vyote ilivyohifadhi. Nilimwambia mama mkwe ukweli: hii nikiizima, huenda isiwake tena.

Nikajaribu kupiga picha kwa simu, kioo kile kikanipa mistari myeusi mitupu. Nikasema nitanakili kwa mkono. Jibu likarudi haraka safari hii.

"Mwalimu anataka usome kwa sauti. Aandike yeye, asahihishe palipokosewa."

Baba mkwe akaketi barazani, upande wa pili wa pazia la mlango, na daftari jipya magotini. Orodha ikafunguka. Jina la kwanza lilikuwa la babu yake, la pili la baba yake. Nikawa na maneno mdomoni na siyatoi, jambo ambalo kwetu Tanga wangeliitia mganga.

Mama mkwe akaelewa. "Mwalimu," akaliambia pazia, "unataka mtoto wa watu avunje mwiko?"

Diski ikagonga. Nilikuwa na hofu, nasema wazi.

"Kaburi hawana tena," akasema baba mkwe. Alikuwa akisema nami, hakuna aliyetumwa. "Na jina tuwanyime?"

Nikasoma. Nilisoma la babu, mtoto wa fulani, alilala chini ya mvule mkubwa, kichwa upande wa ziwa. Nikasikia kalamu inakwaruza. Nikasoma la baba yake, na mama mkwe akajifunika kanga usoni palepale alipokaa, kwa sababu huyo ndiye mkwe wake, na tangu aolewe hajawahi kulitaja.

Kisha, ndani ya kanga, kwa sauti ndogo, akalirudia baada yangu.

Kalamu ikasimama. Nilidhani baba mkwe amekasirika. Diski inagonga, na majina mengi yamebaki. Kwa miaka yote waliyokaa pamoja hakuwahi kulisikia jina la baba yake likitoka kinywani mwa mkewe.

"Ndaga," akamshukuru, kwa Kinyakyusa. Halafu akamwomba alitaje tena.